Nywele za Utafiti

Upara wa kwanza aliuona msusi wangu wa Kirumba, Jumamosi moja asubuhi. Nilikuwa nimetoka Magu, ninakofundisha shule ya msingi, nimekuja mjini Mwanza kununua vitu na kusuka. Alikuwa amefika nusu ya kichwa, akasimama. Akanigusa nyuma ya sikio kwa kidole kimoja.

"Mwalimu, unaumwa?"

"Siumwi. Kwa nini?"

Alinipa kioo mkononi, yeye akashika kingine kwa nyuma, nikaona duara laini la ukubwa wa kifuniko cha soda, halina hata unywele mmoja. Akaendelea kunisuka. Nilipoinuka nilimwona akilichukua taulo alilokuwa amenifunga shingoni, akalitia kwenye mfuko peke yake pamoja na kitana alichonichania, akaufunga mfuko mafundo mawili. Nilikuwa nimesuka kwake miaka sita. Watoto wake nawajua. Nilitoka pale nimekasirika, na sikumbuki kama hasira hiyo imewahi kuondoka moja kwa moja.

Ndani ya miezi mitatu kichwa chote kilikuwa kimeisha. Nyusi zikafuata, kisha kope. Hakuna anayekuambia kazi ya kope mpaka ziondoke. Vumbi la barabara ya kwenda shuleni linaingia machoni moja kwa moja, na jasho la mchana nalo halina cha kulizuia. Nilifundisha huku machozi yananitiririka, darasa la tano wakadhani nalia. Binti mmoja wa mkulima wa pamba akanyoosha mkono katikati ya somo la sayansi.

"Mwalimu, nyusi zako zimeenda wapi?"

"Sijui," nikamjibu. Akaridhika, akaendelea kuandika. Lilikuwa swali pekee la kiungwana nililoulizwa mwaka ule.

Watu wazima hawakuuliza, kwa sababu wao walikuwa na majibu tayari. Wengine walisema ni ule ugonjwa. Wengine walisema ni kansa ninaificha. Jirani yangu alisema kuna mtu nimemdhulumu na sasa ananirudishia, akanishauri nimkumbuke ni nani ili nikamwombe radhi. Niliwaza kweli. Nililala nikihesabu watu, nikitafuta niliyemkosea, na hilo nalo lilinikasirisha, kwamba mtu ananitupia neno la kipuuzi mchana na mimi nalibeba hadi kitandani.

Kisha mwalimu mkuu akaniita ofisini. Ni mzee anayeheshimika, amebakiza muda mfupi astaafu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo." Alipanga karatasi zilizokuwa tayari zimepangika. "Wazazi wameanza kuulizana. Watu unawajua. Ingekuwa vizuri ukaleta cheti cha hospitali, kikawepo hapa. Mtu akija na maneno yake, tunamwonyesha."

"Cheti cha nini?"

"Cha vipimo. Unaelewa."

Nilielewa. Nilielewa pia kwamba hana haki ya kuniuliza. Semina za mambo hayo nimehudhuria, na darasani nimeyafundisha. Lakini kesho yake nilikwenda kituo cha afya, nikapima, nikarudi na karatasi inayosema sina virusi, nikaiweka mezani kwake. Akaisoma, akatabasamu, akaitia kwenye faili. "Safi sana," akasema.

Yeye alikosea kuniuliza, lakini kilichonikaa moyoni ni kwamba niliileta. Kwa kuileta nilikubali kwamba kama ingesema vingine, wazazi wangekuwa na haki. Na katika ofisi yetu ya walimu alikuwepo mwenzetu mmoja anayetumia dawa za kufubaza virusi. Siri hiyo alinipa mimi tu. Siku ile alikuwa amekaa dirishani akisahihisha madaftari, akaniona naingia kwa mkuu na karatasi mkononi na natoka mikono mitupu. Tulikuwa tunakunywa chai pamoja kila saa nne. Kuanzia wiki ile akawa anakunywa yake darasani kwake.

Mume wangu ni afisa kilimo, kituo chake kiko Sengerema, nyumbani anakuja mwisho wa wiki kwa kuvuka ziwa pale Kigongo. Ni mtu wa Bukoba, mpole, maneno yake anayapima. Jumapili moja aliniona nimekaa mbele ya kioo najichora nyusi kwa wanja, moja imepanda kuliko nyingine, nafuta na kurudia.

"Nywele ni nywele tu," akaniambia. "Mimi nilioa mtu, sikuoa nywele."

Najua alimaanisha mema. Lakini yeye alikuwa nazo, hadi kifuani. Nilimwambia, "Basi zinyoe zako zote, na nyusi, na kope, uende kazini kesho ukawaambie wakulima wako maneno hayo." Aliporudi wiki iliyofuata alikuwa ameulizia kwa mganga mkuu wa wilaya yao, akaniletea jina la kliniki ya ngozi mjini Mwanza.

Daktari wa kliniki ile alikuwa mwanamke wa umri wangu hivi. Alinitazama kichwa chote kwa lenzi yenye taa, bila glavu, akinishika kama mtu anayeshika kichwa cha mtoto wake. Nilimpenda kwa mikono ile kabla hajasema chochote. Akanieleza kwamba kinga ya mwili wangu imekosea adui, inaishambulia mizizi ya nywele ikidhani ni kitu kigeni. Haiambukizi. Haikutokana na jambo lolote nililofanya. Nilimwomba arudie sentensi hiyo ya mwisho, akairudia.

Akasema kuna utafiti umeanza hapo kliniki. Ni vidonge vya kumeza, kimoja kila siku, vinavyoituliza kinga hiyo. Kwa miezi sita ya kwanza baadhi yetu tungepewa dawa na baadhi vidonge vinavyofanana nayo lakini visivyo na dawa ndani, na yeye mwenyewe asingejua nani anameza nini. Baada ya hapo wote tungepewa dawa yenyewe kwa mwaka mmoja.

"Na mwaka huo ukiisha?" nikauliza.

"Imeandikwa kwenye fomu."

Nilichukua fomu ya ridhaa nyumbani nikaisoma yote, kurasa kumi na kitu, kalamu nyekundu mkononi kama nasahihisha mtihani. Ukurasa wa tisa uliandika: dawa inaweza kuendelea kutolewa kwa mshiriki iwapo itapatikana. Nikalipigia mstari neno iwapo. Niliporudi nikamwonyesha daktari. "Tutaangalia wakati huo," akasema, na nikaona hakupenda jibu lake mwenyewe. Nikasaini. Mtu asiye na kope hasubiri neno libadilishwe.

Kabla ya kuanza walinipima damu, mkojo kuhakikisha sina mimba, na picha ya kifua kuangalia kifua kikuu. Nikatakiwa kuanza sindano ya uzazi wa mpango, kwa sababu dawa ile ingeweza kumdhuru mtoto tumboni. Tulikuwa na mtoto mmoja, na wa pili tulikuwa tumempanga mwaka ule ule. Mume wangu aliposikia alitoka nje akaenda kumwagilia mchicha ambao nilikuwa nimekwisha kuumwagilia. Aliporudi alisema, "Anza."

Kwenye benchi la kliniki ndiko nilikompata mwenzangu. Alikuwa muuza dagaa wa soko la Mwaloni, mama wa watoto wanne, sauti yake ya sokoni haikuweza kupunguzwa hata hospitalini. Alikuwa ameanza siku moja na mimi, kwa hiyo kila tarehe yetu ilikuwa moja. Hakuvaa wigi. Alifunga kitambaa, na chini yake uso mtupu bila wanja, akamwangalia kila anayemwangalia. Aliniita Ticha. Mimi nilimwita dada, kwa kuwa alinizidi miaka michache. Aliniambia wateja wake wa zamani walianza kununua meza ya pili, wakidai dagaa wake wana mchanga. "Dagaa ni wale wale, Ticha, tunanunua kwenye mtumbwi mmoja na huyo wa meza ya pili. Mchanga uko kwenye kichwa changu."

Mwezi wa pili yaliniota malaika meupe kichwani, vinyweleo laini kama manyoya ya kifaranga. Mwezi wa tatu yakaanza kuwa meusi. Nyusi zikajichora zenyewe. Nilishinda nikijipapasa, darasani, kanisani, jikoni. Na kila tarehe yetu mwenzangu alikaa pembeni yangu, akavua kitambaa, na kichwa chake kilikuwa kile kile kama yai.

"Naomba nikushike," aliniambia mara ya kwanza. Akanipapasa utosini taratibu, macho yake mbele. "Basi mimi wamenipa unga wa muhogo," akasema.

Tarehe ya mwezi wa nne tulitoka dirisha la dawa, kila mmoja na chupa yake mkobani. Akanivuta mkono tukakaa mwisho wa benchi.

"Ticha, tugawane."

"Tugawane nini?"

"Vidonge. Vyako ni dawa, vyangu ni unga. Tuchanganye, kila mtu abebe nusu kwa nusu. Wakihesabu vilivyobaki, idadi iko sawa. Nani atajua?"

Alikuwa amekwisha kulifikiria lote. Nami nikamhutubia kama nahutubia darasa. Nikamwambia tutaharibu utafiti. Majibu yakiharibika hapa, watu wengine wengi watakosa dawa. Nusu dozi haifai kitu, tutaikosa wote wawili. Yeye akisubiri miezi miwili tu atapewa ya kweli. Yote hayo yalikuwa kweli. Nilimwambia kila ukweli isipokuwa mmoja, kwamba nilikuwa na nywele ndefu kama punje ya mchele, na nisingempa mtu yeyote duniani hata kidonge kimoja.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Sawa, Ticha," akasema. "Wewe umesoma." Akainuka, akaenda sokoni. Nilibaki nimekaa pale na mkoba wangu mapajani, nimeushika kwa mikono miwili.

Wiki chache baadaye niliamka na maumivu chini ya titi la kushoto, kama mtu amenimwagia maji ya moto kufuata ubavu. Siku ya pili malengelenge yakatoka, mstari mmoja hadi mgongoni. Ulikuwa mkanda wa jeshi. Daktari alinieleza kwamba dawa inayotuliza kinga inaweza kuufungulia mlango, akanisimamisha vidonge kwa wiki tatu na kunipa dawa nyingine. Lakini kwetu huku mkanda wa jeshi una maana moja tu vinywani mwa watu. Nilipokosa kwenda shule, habari ilifika kabla ya barua ya daktari. Baada ya mwaka mzima kujieleza kichwa, sasa nilitakiwa kujieleza mbavu. Sikumweleza mtu. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa na hasira kiasi kwamba sikuweza kuvumilia hata nguo mwilini.

Aliyekuja ni yule mwenzetu wa ofisini, wa chai. Alibisha hodi, akaingia, akaweka fuko mezani.

"Nilipopata mimi, kilichonisaidia ni kanga kuukuu," akasema. "Iliyochakaa kabisa. Mpya inakwaruza."

Alikuwa ameleta mbili. Nilimwambia kuhusu ile karatasi. Nilimwambia najua aliniona, na kwamba nimekosa.

"Nilikukasirikia sana," akasema.

"Najua."

"Bado."

Kisha akaniuliza kama nina sabuni. Akazifua zile kanga uani, akazianika, akaondoka kabla hazijakauka. Chai ya saa nne tuliirudia muhula uliofuata, lakini si kama zamani, na sikumlaumu.

Miezi sita ilipotimia, wote tukapewa dawa ya kweli. Siku moja nikiwa sokoni Magu simu ikaita, nyuma yake kelele za Mwaloni.

"Ticha, zimetoka. Nyusi kwanza, kama zako."

Nilisimama katikati ya mafungu ya mchele nikacheka peke yangu. Tulipokutana kliniki nilimpapasa kichwa, nikamwambia kwa nini nilimnyima siku ile. Alinitazama kama mtu anayeambiwa bei anayoijua.

"Nilijua," akasema. "Ningekuwa wewe, na mimi ningekunyima. Ila mimi nisingekuhutubia."

Mwaka ule wa dawa ulikuwa mwaka mzuri, na sitaki kuudogosha. Nilisuka. Sikurudi kwa yule wa mfuko, nilipata mwingine, akanilalamikia kwamba nywele zangu ni ngumu, zinavunja kitana. Sijawahi kupewa lawama tamu kama ile. Wazazi walionikwepa wakaanza kunisalimia tena wakinipongeza kwa kupona, kana kwamba mwanzoni walikuwa wakiniombea. Mkuu wa shule alisema, "Umeona, mambo hupita."

Kisha muda ukaisha. Siku ya mwisho muuguzi alimimina vidonge vilivyobaki kwenye sahani, akavihesabu, akavirudisha kwenye chupa, akaitia kwenye boksi la kurudishwa. Vilikuwa tisa. Nilivitazama vikiondoka. Akanipa cheti cha ushiriki chenye nembo na saini tatu, na chupa ya chai.

"Tunashukuru sana kwa mchango wako, mwalimu."

Nikaingia kwa daktari bila kuitwa. Akaniambia wafadhili wamefunga utafiti, dawa haijasajiliwa nchini, na hata ingepatikana kwa kuagiza nje, si mshahara wa mwalimu wala wa daktari ungeweza kuinunua. Bila dawa, kinga ingeamka tena.

"Kwa hiyo zitaondoka," nikasema.

"Kwa wengi, ndiyo. Baada ya miezi kadhaa."

"Ulijua tangu mwanzo."

"Nilitumaini," akasema. "Niliandika kuomba. Zaidi ya mara moja." Macho yake yalikuwa mekundu. Sikumwonea huruma. Nilikuwa nimempenda mwanamke yule, na siku ile nilitoka bila kumuaga.

Zilianza kudondoka mwezi wa tatu. Mara ya kwanza sikuwa nimejua ninachopoteza. Mara ya pili nilijua, na nilijua pia kwamba kuna mahali, kwenye rafu, kilipo kidonge cha kuzizuia. Ni tofauti kubwa sana hiyo. Ugonjwa huwezi kuukasirikia kwa muda mrefu, hauna uso. Rafu ina mwenyewe.

Wakati kichwa changu kimebaki viraka, tukaalikwa washiriki wote kusikiliza matokeo, katika ukumbi mmoja kando ya ziwa. Kulikuwa na wageni kutoka Dar es Salaam na nje ya nchi, sambusa, na maji ya chupa. Mkubwa mmoja wa utafiti akaonyesha picha ukutani, vichwa vyetu kabla na baada, macho yamezibwa kwa ukanda mweusi. Changu nilikitambua kwa kovu la utotoni. Kabla, kipara. Baada, nywele tele. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimekaa safu ya nne nimefunga kilemba, na ndani ya kilemba nywele zile zile wanazozipigia makofi zilikuwa zimelegea zinaniwasha.

Nikanyoosha mkono. Nikauliza washiriki ambao dawa imewasaidia wataendelea kuipataje.

"Nashukuru kwa swali zuri," akasema yule mkubwa. "Hilo ni suala la kisera, tutalichukua."

"Mtalichukua mlipeleke wapi?"

Akatabasamu, akatazama saa, akauliza kama kuna swali jingine. Ndipo mwenzangu wa Mwaloni, aliyekuwa pembeni yangu, akasimama. Hakunyoosha mkono. Akakifungua kitambaa chake taratibu, akakikunja, akakiweka kwenye kiti. Chini yake kulikuwa kutupu tena.

"Hiyo picha ya tatu ni mimi," akasema kwa sauti yake ya sokoni. "Ni ya wakati wa dawa. Hiki ni kichwa cha leo. Kipigeni picha mkiweke hapo ukutani, baada ya hiyo baada yenu."

Nami nikavua kilemba. Kisha mzee mmoja wa Kisesa, tuliyekuwa tukimwona tu kliniki, akavua kofia. Hatukupanga. Hakuna aliyepiga makofi, na yule mkubwa akazima mashine.

Wiki ile niliandika barua kwa wafadhili, kurasa mbili, kwa Kiswahili cha darasani, nikanukuu ukurasa wa tisa wa fomu na lile neno iwapo. Tulisaini watu saba, mwenzangu kwa dole gumba la makusudi ingawa kuandika anajua. "Waone alama ya mtu," akasema. Nikampelekea daktari aisome. Akasahihisha jina la dawa nililokosea, akanirudishia.

"Mimi siwezi kusaini," akasema. "Ila msiipeleke kwa wafadhili. Ipelekeni hapa." Akaniandikia kwenye kipande cha karatasi anwani ya kamati ya maadili iliyoupitisha utafiti wao. Nilikichukua. Nilimshukuru, na bado sikumsamehe, vyote viwili kwa pamoja.

Tulijibiwa baada ya muda mrefu, nikiwa sina tena hata unywele wa kudondoka. Wafadhili wamekubali kutoa dawa kwa mwaka mmoja zaidi kwa waliofaidika nayo, wakati maombi ya usajili yakishughulikiwa. Barua ilisema wamefanya hivyo kwa moyo wa ukarimu. Neno ukarimu nililisoma mara nyingi. Nilimpigia simu mume wangu. Tulikuwa tumeacha sindano, tumeanza tena kumtafuta yule mtoto wa pili, na umri wangu haunisubiri.

"Unataka nini?" akaniuliza.

"Nataka vyote," nikamwambia. "Nataka mtu asinipangie kimoja."

Hakuniambia nywele ni nywele tu. Alisema atakuja Ijumaa tuzungumze, na tulizungumza siku mbili. Niliamua kusubiri mtoto kwanza. Chupa yangu daktari ameniwekea kwa maandishi, kwa jina langu, na safari hii nilisoma kila mstari kabla ya kukubali. Kama nitaikuta, sijui.

Mwenzangu ameanza tena dawa zake. Juzi nilipita Mwaloni kununua dagaa, akaniinamishia kichwa juu ya meza, mbele ya wateja, nikapapasa malaika mapya. Mwanamke mmoja kwenye foleni akatuuliza ni ugonjwa gani huo. Mwenzangu akamweleza yote, kuanzia kinga ya mwili hadi barua, dagaa wa watu wakisubiri kwenye mizani, mpaka yule mwanamke akajuta kuuliza.